Mistari Miwili ya Juu

Mtaani wanamwita Sponji, kwa sababu ni fundi makochi. Kila asubuhi hufungua karakana, huwasha redio, kisha huanza kung'oa misumari yenye kutu kwenye makochi ya watu. Ana miaka hamsini na minane. Mkewe alifariki zamani. Anaishi na binti yake, ambaye alijifungua mwaka huu.

Mtoto alipofikisha miezi miwili, wageni walikuja kumwona. Mmoja akauliza upande wa babu ni akina nani. Sponji akajibu kwamba yeye hana upande, aliota kama uyoga. Watu wakacheka. Binti hakucheka. Alijua baba yake alilelewa na mama mmoja muuza mkaa, na mama huyo alifariki bila kueleza mengi. Utotoni wenzake walimwita mtoto wa jalalani. Mtu mzima na mvi zake, Sponji bado aliamini kwamba mama yake mzazi alimtupa.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho: cheti cha kuzaliwa. Miaka kumi nyuma aliwahi kwenda ofisi ya vizazi na vifo kutafuta habari zake. Hakubeba cheti. Alitaja mwaka aliozaliwa, karani akafungua daftari la mwaka huo, jina halikuwemo. Sponji akarudi nyumbani akisema hata daftari la serikali limemkataa. Hakwenda tena.

Safari hii binti alimpeleka karibu kwa nguvu, mtoto mgongoni, cheti mkobani. Dirishani walimkuta karani mwingine, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisoma cheti polepole, kisha akakigeuza upande wao.

"Mzee wangu, hapa pana tarehe mbili. Hii ni siku uliyozaliwa. Hii ya chini ni siku uliyoandikishwa. Zimepishana miaka miwili."

"Sasa hiyo inanisaidia nini?" Sponji aliuliza.

"Inakusaidia sana. Daftari letu halifuati umri wa mtu. Linafuata foleni ya dirishani. Ulitafutwa kwenye daftari lisilo lako."

Akawaeleza kwamba cheti ni muhtasari tu. Daftari lina habari zaidi: mama aliishi wapi, nani aliyeleta taarifa, na mtoto ni wa ngapi kwa mama yake. Mwenye cheti anaweza kuomba nakala kamili. Sponji akaonyesha kitambulisho na kujaza fomu.

Karani akaleta daftari kubwa lenye vumbi. Akafunika mistari mingine kwa karatasi mbili, maana habari za mtu mwingine si za kuchunguliwa. Ukabaki mstari mmoja. Sponji akaona jina lake. Mwisho wa mstari palikuwa na alama ya dole gumba.

"Dole la nani hili?"

"La mama yako. Soma hapa: aliyeleta taarifa, mama mzazi. Alikuja mwenyewe."

Sponji akavua kofia. Mtu anayetaka kutupa mtoto hapangi foleni kwenda kumwandikisha. Kulielewa hilo hakuhitaji shule.

Binti alikuwa bado anasoma. Akauliza kwa nini pameandikwa "wa tatu". Karani akasema maana yake baba yake ni mtoto wa tatu.

"Sasa wa kwanza na wa pili wako wapi?" Sponji aliuliza.

Karani akainua karatasi kidogo, kwa upande wake tu, akasoma. Kisha akasema kwamba zamani ofisi zilikuwa mbali, na mama wengi waliandikisha watoto wao wote kwa siku moja. Mistari miwili ya juu ilikuwa ya mama yuleyule, siku ileile. Tena pembeni paliandikwa kwamba wa kwanza, mwanamke, alikuja kuchukua nakala yake miaka mitatu iliyopita. Fomu yake ilikuwa na namba ya simu.

Binti akatoa kalamu haraka. Karani akatikisa kichwa. Namba ya mtu haitolewi hivyo. Angempigia yeye mwenyewe na kumuuliza kama anataka kupatikana. Akikataa, mambo yanaishia hapo.

Akaingia chumba cha nyuma. Sponji akakaa kwenye benchi lenye kitambaa kilichochanika, akaanza kukichokonoa. Siku nyingine angeshataja bei ya kukishona. Binti akamwambia asiogope. Akajibu kwamba haogopi, akaendelea kuchokonoa.

Karani akarudi na simu.

"Anataka kukusikia."

Sponji akaweka simu sikioni. Mwanamke wa upande wa pili akasema, "Sisi tuliambiwa kitinda mimba alikufa mara tu baada ya mama. Nina miaka sitini na mitatu. Usinifanyie mchezo."

"Sikufa, dada," Sponji akasema. "Nipo. Nashona makochi."

Wiki hiyohiyo mjukuu aliandikishwa. Sponji alikagua kila neno kwenye fomu, hata karani akamuuliza kama anatafuta kazi pale. Siku hizi mteja akileta kochi huondoka na somo: tazama tarehe zote mbili, omba nakala kamili, usipuuze jina la aliyeleta taarifa.

Jumamosi dada yake alikuja karakanani pamoja na kaka yao, yule wa pili daftarini, fundi baiskeli mwenye masikio yaleyale ya Sponji. Dada akasimulia jinsi mama yao alivyougua na kufariki, na wao watatu wakagawanywa kwenye nyumba tatu; muuza mkaa aliyemchukua mdogo alipohama, ikavuma kwamba mtoto amekufa. Majirani wakajaa mlangoni. Sponji akajitupa kwenye kochi jipya kabisa na kuwatangazia.

"Huyu dada yangu. Huyu kaka yangu. Mimi ndiye kitinda mimba."

"Kitinda mimba umekaa na wakubwa zako wamesimama?" dada akauliza. "Inuka. Kalete maji."

Mzee wa miaka hamsini na minane akainuka na kwenda mbio.