Chupa ya Dobi Matar

"Pwa!" Kizibo cha chupa kililia gizani, kabla ya adhana ya alfajiri. Mwanakheir, mtoto wa miaka kumi na miwili, akafumbua macho. Kwenye mwanga wa koroboi alimwona mjomba wake Usi akinusa chupa ya dawa ya Machano, kisha akaitia kikapuni taratibu, kama mwizi.

Machano, mdogo wake Mwanakheir, alikuwa na safura. Uso umempauka, chakula hakitaki, anakula udongo wa ukutani. Dobi Matar ndiye aliyempa bibi yao, Bi Kazija, ile chupa. "Kwa maji haya mie naondolea madoa ya nguo," alisema, "lakini zamani watu wakinyweshwa, minyoo ikitoka." Bibi alikusudia kumnywesha mchana huo.

Sasa mjomba anaipeleka wapi? Yeye alikuwa akilisha wanyama kwenye nyumba ya uchunguzi ya madaktari, mjini, na nyumbani haelezi kitu. Chuoni, kwenye masomo ya Kurani, watoto wakimtania Mwanakheir: "Mjomba wako mumiani, mnyonya damu! Leo panya, kesho wewe!" Basi mjomba alipokwenda kutawadha, Mwanakheir aliichopoa chupa akairudisha rafuni.

Hata hivyo moyo haukutulia. Alipotoka chuoni alivuka Darajani, akenda kuchungulia dirisha la nyumba ile. Panya weupe tele! Na mjomba anapekua kikapu chake, jasho linamtoka.

"Mwanakheir! Wafanya nini hapa?"

"Shikamoo, mjomba. Chupa... nimeirudisha mie. Nilidhani unataka kumdhuru Machano."

Mjomba alimshika mkono. Alimvuta ndani, mbele ya vizimba viwili. Katika kimoja panya wanakimbizana; katika cha pili wamejikunyata, manyoya yamewasimama.

"Hawa waliojikunyata wametiwa matone ya maji kama yale ya dobi. Madaktari wanawadhuru kusudi, wapate kujua ini linavyoharibika na linavyopona." Akamwonesha chupa mbili pana za kioo. Katika moja mna ini la kahawia, laini. Katika nyingine ini limefura, limepauka kama samli. "Nilipoinusa chupa ya dobi alfajiri, nkaijua harufu ile tamu, nkaitia kikapuni ili Machano asinyweshwe."

"Mjomba! Bibi anamnywesha mchana huu!"

Walitimua mbio mpaka nyumbani, Jang'ombe. Walipoingia, kijiko kilikuwa kinakaribia mdomo wa Machano.

"Mama, ngoja!"

"Ningoje nini, Usi? Mtoto anakwisha!"

Mjomba akaeleza yote, akihema. Bi Kazija akakiweka chini kijiko.

"Mbona hukunambia tangu alfajiri?"

"Niliogopa utasema nimekuwa mzungu, nadharau dawa za watu."

"Bora ningekutukana kuliko kumzika mtoto. Jambo jema likifanywa kwa kificho hufanana na wizi, mwanangu. Nawe Mwanakheir, umeshuku, hukuuliza. Shaka isiyoulizwa ingemwua nduguyo. Na mie mtu mzima nimemsikiliza dobi, kana kwamba tumbo la mtoto ni kanzu! Haya, sote hospitali."

Huko Machano alipewa dawa ya safura iliyopimwa, na akaamrishwa asitembee miguu mitupu, kwani minyoo ya safura huingilia nyayoni. Siku zikapita. Asubuhi moja Bibi alikuwa akigeuza vitumbua, akasikia makubadhi madogo yakiburuzwa hadi mlango wa jikoni.

"Bibi, nna njaa," alisema Machano.