Gari Lisilo na Klachi

Alhamisi, saa 11:00 jioni

Nyuma ya duka la miraa la Kiogora kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Kilinuka majani ya migomba yaliyooza. Sakafu ilikuwa imejaa mate ya kijani. Tache alitafuta mahali safi pa kuweka viatu vyake, akakosa, akasimama hapo hapo.

Kiogora aliketi juu ya gunia. Kwa miaka kumi na minne alikuwa dereva wa lori la ng'ombe kati ya Moyale na Nairobi. Siku hizi aliuza miraa mchana na kupanga wizi jioni. Shavu lake moja lilikuwa limetuna. Alikuwa akichora kwa mkaa juu ya kipande cha katoni.

"Gari lenyewe ni hili," alisema. "La Mwalimu Kinanu. Milango miwili ya pembeni, na mmoja wa nyuma unaofunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Kiti cha nyuma unakilaza nusu, mizigo inaingia, mtu anakaa nusu nyingine. Viti ni laini kuliko kitanda chako, Lokaale. Redio ya kaseti. Vioo vina giza kidogo. Na gia zinajibadilisha zenyewe. Isiolo nzima liko moja."

"Gari la mwanamke," Lokaale alisema.

"Gari ambalo askari hawalipekui. Wewe una lingine?"

Lokaale hakuwa na lingine. Alikuwa askari wa wanyama hadi mwaka uliopita, 1982, alipofukuzwa kazi kwa ulevi. Alichobaki nacho ni ujuzi wa stoo ya nyara, ambako serikali iliweka pembe zilizokamatwa, na ujuzi huo alikuwa akiuuza sasa.

Kila mtu mjini alijua habari za gari lile. Jane Kinanu alikuwa mkuu wa shule ya wasichana. Polio ilimkausha mguu wa kushoto akiwa mtoto, na mguu huo haungeweza kukanyaga klachi. Kwa hiyo alijinyima miaka sita, akanunua gari dogo la bei kubwa ambalo halikuwa na klachi. Watu walicheka mwanzoni. Kisha waliacha, kwa sababu aliwafundisha binti zao. Askari wa kizuizi cha barabara ya Meru waliinua mti kabla hajafika.

Fundi wa gari hilo alikuwa Tache. Kesho lingeletwa gareji kubadilishwa oili.

"Pembe za faru ni kumi na moja," Lokaale alisema. "Zilikamatwa Biliqo Jumatatu. Ijumaa saa sita na nusu walinzi wanaenda msikitini. Anabaki mmoja tu."

"Nani?" Tache aliuliza, ingawa alijua.

"Mzee Halkano."

Halkano alikuwa ndugu wa mama yake Tache, abuya wake. Mborana hachezi na abuya. Huyu, zaidi ya hayo, ndiye aliyemlea tangu mama alipofariki.

"Mimi simo," Tache alisema.

Kiogora alitema mate karibu na kiatu cha Tache. "Sikiliza, fundi. Ukija, mzee anafungwa kamba, basi. Usipokuja, Lokaale atakwenda na panga. Chagua."

"Hatapigwa?"

"Naapa kwa mama yangu."

Tache aliitikia kwa kichwa. Alijiambia kwamba anakwenda kumlinda mzee. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba fungu lake lingetosha kufungua gareji yake mwenyewe, na alikwisha kuchagua rangi ya mlango. Nusu hiyo ilimchefua kuliko mate yaliyokuwa sakafuni.

Ijumaa, saa 3:15 asubuhi

Mwalimu Kinanu alilileta gari mwenyewe. Alishuka, akaegemea gongo lake, akampa Tache funguo.

"Habari ya asubuhi, Tache. Ukimaliza niletee shuleni. Na usilitumie kuoa."

"Nani atanikubali, Mwalimu, na mikono hii ya grisi?"

"Osha kwanza, halafu uliza."

Aliondoka akicheka. Tache alisikia gongo likigonga kokoto hadi barabarani. Hakuinua macho.

Saa 5:00 asubuhi

Tache aliliwasha gari nyuma ya gareji, akampisha Kiogora kwenye usukani.

"Ningeendesha mimi," Tache alisema. "Nalijua."

"Wewe? Unipeleke kwa wazee wako wanikamate? Hapana, baite, rafiki yangu. Mimi nimeshuka Marsabit na lori bila breki."

Kiogora alitafuta klachi kwa mguu wa kushoto. Alikanyaga breki badala yake, na paji la uso likagonga kioo. Lokaale alicheka. Kiogora alitukana, akajaribu tena, akagonga tena. Mwishowe aliukunja mguu wa kushoto chini ya kiti, akaupinda mdomo, akayumba begani.

"Niangalieni. Mimi ni Mwalimu Kinanu."

Lokaale alicheka hadi mate yakamtoka. Tache aliligeukia beseni la maji na kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Saa 6:50 mchana

Mji ulikuwa umenyamaza. Gari lilisimama mbele ya stoo, injini ikinguruma taratibu. Lango lilikuwa limerudishwa tu.

Mzee Halkano alikuwa peke yake, akiswali juu ya mkeka. Alikuwa amesujudu. Tache alitarajia kwamba hata Kiogora angesubiri amalize.

Kiogora hakusubiri. Mzee alipoinua kichwa, spana ya magurudumu ilimpata usoni. Ilitoa sauti kama ya kijiti kinachovunjwa.

"Ulisema kamba!" Tache alipiga kelele.

"Kamba ndiyo hii. Funga."

Tache alifunga mikono ya mjomba wake. Kiogora alimtupia kitambaa cha kufutia grisi. "Na mdomo."

Tache alikifunga kwa kulegeza. Kiogora alipitisha kidole kati ya kitambaa na shavu, akatikisa kichwa. "Kaza."

Tache alikaza. Mzee alikuwa akimtazama. Hakuwa na hasira usoni, wala hofu. Alikuwa akimtambua tu. Damu ilitoka puani mwake kwa mapovu, na kila pumzi ilikuja fupi kuliko iliyotangulia.

"Pua imejaa damu, Kiogora. Hawezi kupumua."

"Atapumua kwa masikio."

Lokaale alicheka tena. Kwa miaka miwili Lokaale alikuwa amekunywa chai ya mzee huyu, kutoka birika lile lile lililokuwa pale ukutani.

Walipakia. Pembe zilikuwa bado na nyama kwenye mashina, na siku nne za joto zilikuwa zimefanya kazi yake. Funza walianguka juu ya viti vya Mwalimu Kinanu. Maji meusi yalitiririka kwenye zulia. Tache alitapika kando ya gurudumu.

Lokaale alipoingia kuchukua ya mwisho, Kiogora alimwinamia Tache sikioni. "Huyu Mturkana tutamwacha njiani. Hatafika Meru."

Tache alimtazama, akaelewa. Bila shaka Lokaale naye alikuwa ameambiwa maneno hayo hayo, ila aliyetajwa alikuwa Tache.

Saa 7:12 mchana

Walifunga vioo ili nzi wasiwafuate. Harufu ilikaa nao kama abiria wa nne. Lokaale alikuwa nyuma, mabega yake yakigusa blanketi lililofunika pembe. Kiogora aliendesha vizuri sasa. Alipiga mluzi.

Tache alikuwa akihesabu dakika. Tangu watoke stoo zilikuwa zimepita nane.

"Tumpigie simu mtu aende kumfungua," alisema. "Kuna simu pale kwa Mhindi."

"Ukitaja mzee tena, utakwenda kulala naye."

Saa 7:16 mchana

Kwenye kizuizi cha barabara ya Meru, koplo alikwisha kuuinua mti. Alipowaona, alitabasamu, kisha akanyoosha mkono.

"Ni nyinyi? Mwalimu yuko wapi?"

"Shuleni, afande," Tache alisema. "Tunajaribu breki."

"Vizuri. Nina barua yake, ya ruhusa ya binti yangu. Zima injini, mafuta ni ghali. Nakuja sasa hivi."

Kiogora alizima, ili asionekane mwenye haraka. Na hapo alifanya alichokifanya kwa miaka kumi na minne. Dereva wa malori ya kaskazini haamini breki ya mkono. Akizima injini, huacha gia ndani ili gari lisimkimbie. Mkono wa gia ulibaki kwenye D, gia ya kwenda mbele.

Tache aliuona. Gari lile haliwaki likiwa kwenye gia. Ni lazima mkono urudishwe kwenye N au P, nje ya gia, ndipo injini iitike. Kiogora hakujua, kwa sababu tangu asubuhi aliyeliwasha ni Tache.

Koplo alileta barua. Kiogora aligeuza funguo. Kimya. Aligeuza tena. Kimya.

"Fundi," Kiogora alisema taratibu. "Lina nini?"

Neno moja lingetosha. Wangepita, na kufikia saa nane wangekuwa Meru. Na mzee angekuwa amekufa. Tache aliiweka mikono yake juu ya magoti.

"Sijui," alisema.

"Betri hiyo," koplo alisema. "Tutawasukuma. Njoo hapa!"

Askari wa pili alikuja, na wote wawili wakaenda nyuma. Ni desturi ya Isiolo: gari likigoma, hakuna anayeuliza ni la nani. Ila gari lile haliwaki kwa kusukumwa, hata ulisukume hadi Nanyuki. Waliegemeza mashavu yao kwenye mlango wa nyuma, wakasukuma hatua kumi, ishirini.

Kisha walisimama.

"Kuna nini humu?" Sauti ya koplo haikuwa tena ya rafiki. "Kiatu changu kimelowa nini?"

"Fundi!" Kiogora alinong'ona. "Fanya kitu!"

Lokaale ndiye aliyefanya. Alimruka Tache, akafungua mlango, akakimbilia vichakani. Askari alifyatua risasi moja hewani, na Lokaale akalala kifudifudi mwenyewe, akilia kwamba ni Kiogora, yote ni Kiogora. Kiogora alitoka na spana mkononi, akakuta bunduki ya koplo kifuani pake. Aliiangusha.

Tache alitoka mikono juu.

"Afande, stoo ya nyara. Mzee Halkano amefungwa mdomo na pua imevunjika. Anakufa."

"Hatuna gari. Land Rover imekwenda Archer's."

"Hili ni zima. Niache niliwashe."

Koplo alimfunga Kiogora pingu kwenye mti wa kizuizi, akamwachia askari wa pili wale wawili, akaingia kiti cha mbele akiwa ameziba pua. Tache alisukuma mkono wa gia hadi N. Injini iliwaka mara ya kwanza. Kiogora aliisikia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza jiwe.

"Nitakuua, Tache!" alipiga kelele. "Ulijua!"

Saa 7:27 mchana

Mzee alikuwa ameanguka ubavu. Midomo ilikuwa ya kijivu. Koplo alikikata kitambaa kwa kisu, akamweka sawa, akamfuta pua. Hakuna kilichotokea. Kisha kifua kiliinuka, na mzee akakohoa damu juu ya sare ya koplo. Akavuta pumzi ndefu. Akavuta nyingine.

Tache alisimama mlangoni. Hakuthubutu kukaribia.

Koplo alimpa mzee maji, akasubiri, kisha akatoa daftari. "Nani, mzee?"

"Walikuwa watatu. Mmoja alinipiga. Mmoja alicheka." Sauti ilikwaruza. "Huyu hapo alinifunga."

"Huyu ndiye aliyenileta. Bila yeye ungekufa."

"Nimesikia. Na aliyenifunga ni yeye. Andika."

"Abuya," Tache alisema.

Mzee hakugeuza kichwa.

Koplo aliandika. "Jina lako kamili?"

Tache alilitaja.

"Una uhusiano gani na mzee?"

Tache alifungua mdomo. Mzee alimtangulia.

"Hana," alisema. "Andika hana."

Koplo aliwatazama wote wawili, akailoweka kalamu kwa ulimi, akaandika.