Gauni Lililobaki Shingo

Jua lilikuwa linazama niliporudi karakana yetu ya ushonaji kuchukua uzi. Nilikuwa nimemwahidi dada kupunguza pindo la gauni lake jioni ile ile, na kama kawaida yangu nikasahau uzi kazini. Kichwa changu kinang'aa kwa nje tu.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, giza la saa ile ambayo mtu hajaamua kuwasha taa.

Kacha... kacha...

Mkasi mkubwa ulikuwa unakata kitambaa mezani. Peke yake.

Mwenye mkasi, mama tunayemwita Mkataji, alikuwa kakaa pembeni, macho kafumba, mikono mapajani. Karibu naye mpigapasi wetu, Bwana Pasi, alikuwa ananyoosha mkono wa gauni. Waya wa pasi ulikuwa unaning'inia tu, haujachomekwa popote. Harufu ikanijia puani... nywele zilizoungua.

Mwanamume mwenye akili angekimbia. Mimi nimeshona katika miji tisa ya nchi nne, nimetimuliwa na mama wakwe wawili, na magoti yangu hayakimbii tena. Halafu nilikuwa na shida. Dada yangu, aliyenilea, alikuwa anaishiwa pumzi. Hospitali walimpima, hawakuona kitu, wakamrudisha nyumbani. Kila jioni pumzi yake ilikuwa fupi kuliko ya jana.

Basi nikasema, "Nifundisheni."

Mkasi ukasimama.

Mkataji akafumbua jicho moja. "Una miezi minne hapa, mgeni. Hata tundu la kifungo bado linakushinda."

"Ndiyo maana naomba uchawi, shangazi, siyo matundu. Nina mgonjwa nyumbani."

Bwana Pasi akacheka hadi akakohoa. Kisha akanong'ona, "Kila mmoja wetu alianza kwa kumshonea mtu wake. Mimi, mke wangu."

"Mimi, binti yangu wa kwanza," alisema Mkataji, kama anayetaja rangi ya uzi.

Wote wawili walikuwa wanaishi peke yao. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Mkataji akanisogezea gauni la kijivu. Mbavu zimeshonwa, mikono imeshonwa, pindo limeshonwa. Limebaki shingo.

"Izibe," akanong'ona. "Mkono wa ndugu ndio unaofunga. Ukimaliza, utajua tunayoyajua."

Nikaliinua. Fundi hata awe mbovu namna gani, mabega huyaona. Bega la kushoto lilikuwa limekatwa chini kuliko la kulia, upana wa vidole viwili.

Namjua mtu mmoja tu mwenye bega hilo. Alivunjika mtulinga akiwa na miaka kumi, alipoanguka akiwa amenibeba mgongoni.

Vipimo vyake niliviandika mimi, kwa mwandiko wangu, kwenye daftari la karakana linaloachwa wazi mezani. Wiki mbili zilizopita.

Pumzi yake ilianza kupungua wiki mbili zilizopita.

Nikachukua wembe wa kufumulia.

"Mgeni... ukifumua hapo, hutajifunza kitu maisha yako yote."

"Nimekuwa mjinga miaka hamsini na mbili, shangazi. Nimeshazoea."

Nikafumua. Kila uzi ulipokatika, gauni lilitoa sauti... kama mtu anayevuta hewa. Mkasi ukaanza kutambaa mezani kuja kwangu. Kacha! Ukaninyofoa ncha ya kidole kidogo. Nilipiga yowe ambalo sijivunii, nikatukana kwa lugha za nchi zote nne, na sikuacha mpaka mshono wa mwisho ulipoachia.

Hakuna aliyenizuia mlangoni. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nyumbani nilimkuta dada amesimama jikoni, anapumua hadi tumboni.

"Uzi uko wapi?" Kisha akakiona kidole.

Nilimweleza yote. Nilidhani atalia. Akakifunga kidole, akakaza fundo kuliko ilivyohitajika.

"Yaani wewe, kifungo tu kinakushinda, ukaenda kuomba uchawi?"

"Kwa ajili yako, dada."

"Nyamaza. Kesho tunakwenda wote."

Asubuhi walitusalimia kama vile hakuna kilichotokea. Dada hakuitikia. Alisimama mbele ya Mkataji, akanyoosha mikono pembeni, bega moja chini, moja juu.

"Nasikia mlinikatia nguo bila mimi kuwepo. Nipo. Nipime nikikuangalia."

Mkataji akachukua tepu. Ikamdondoka. Akaiokota, ikamdondoka tena. Bwana Pasi alikuwa anatazama viatu vyake.

Ndipo tukasikia, nyuma ya pazia la chumba cha vitambaa...

Kacha... kacha...

Mkasi ulikuwa mezani, mbele ya macho yangu. Sote wanne tulikuwa huku mbele.

"Huyo si wetu," Mkataji akanong'ona. "Huyo ndiye aliyetufundisha."

Dada hakugeuza hata shingo.

"Na wewe uliyeko huko," akapaza sauti, "toka uje unipime!"

Sauti ikakoma. Pazia likaanza kusogea, taratibu.

Dada hakushusha mikono. Nami nikaenda kusimama kando yake.