Shuka la Bibi Halijakauka

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mabati, Chiriku alilikokota kapu la nguo chafu kutoka chumbani hadi uani. Kapu lilikuwa moja tu, na kila kitu kilitiwa humo: sare za shule, aproni za mama, soksi za kaka yake, taulo na mashuka ya Bibi. Nguo zilirundikana wiki nzima. Siku ya kufua ilipofika, zile zilizotangulia kutupwa ndizo zilizokuwa chini kabisa, zikinuka ukungu.

Jina la Chiriku alibandikwa na kaka yake kwa sababu ya mdomo usiotulia. Alikuwa darasa la sita. Zamani Bibi ndiye aliyefua, lakini tangu alipopooza upande mmoja na ulimi wake kuwa mzito, kazi hiyo ilimwangukia mjukuu. Mama alikuwa mpishi katika bweni la chuo; alitoka alfajiri na kurudi jioni. Kaka yake alichota maji, na akishajaza pipa alijiona amemaliza kazi ya ulimwengu mzima.

"Njoo basi tukamue shuka hili," Chiriku alimwita. "Peke yangu siliwezi."

"Mimi na sabuni hatujatambulishwa," kaka alijibu akiwa amejinyoosha kwenye mkeka.

"Ndiyo maana unanuka hivyo. Umeoga lini?"

"Hiyo ni siri ya serikali."

Chiriku alicheka, kisha akalikamua shuka peke yake, nusu nusu, maji yakimtiririka hadi viwikoni.

Uani palikuwa na kamba moja iliyotumiwa na wapangaji wote. Aliyewahi ndiye aliyeanika. Chiriku alianza na nguo nyepesi kwa sababu zilikuwa rahisi, mashuka akayaacha mwisho kwa sababu yalikuwa mazito. Kwa hiyo kila yalipokuwa tayari, kamba ilikuwa imejaa na jua limeshajificha nyuma ya nyumba.

Jumamosi moja, msimu wa mawingu ulipoanza, jioni iliingia mashuka yakiwa bado mabichi. Mama alikuwa njiani. Chiriku alichukua pasi, akalitandaza shuka mezani, akalipiga. Mvuke ulipanda. Alipoligusa kwa kiganja, lilikuwa la moto na laini. Akalikunja upesi.

"Limenyooka kama karatasi!" Mama alisema alipoliona. "Lilikauka juani?"

"Ndiyo, mama."

Lilikuwa neno fupi, nalo halikuulizwa tena. Jumamosi iliyofuata alifanya vivyo hivyo, na iliyofuata pia. Alipolitandika kitandani kwa Bibi, joto la pasi lilikuwa limeshaisha, na pindo la shuka lilikuwa baridi mikononi mwake. Alijua maana yake. Bibi alikunja uso, akalivuta shuka kwa mkono wake mzima.

"Bibi naye! Shuka safi hili," Chiriku alisema. "Lala tu."

Muuguzi wa zahanati alikuwa na desturi ya kuwatembelea wagonjwa wasioweza kutoka majumbani. Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na maneno mengi. Siku aliyokuja, Mama alikuwa na mapumziko. Walisaidiana kumgeuza Bibi ubavu, na muuguzi akainama kutazama. Chini ya kiuno, ngozi ilikuwa nyekundu, na katikati ilikuwa imechubuka.

"Anageuzwa mara kwa mara?" aliuliza.

"Anageuzwa. Mimi nikiwapo, na mchana jirani yetu wa chumba cha pili."

"Anakaa na mkojo?"

"Hapana, dada. Nambadilisha upesi."

"Ngozi hii imekaa na majimaji kwa muda mrefu. Kama si mkojo, ni nini?" Muuguzi alimtazama Mama usoni. "Sikulaumu. Lakini kidonda cha namna hii kikichimbika, kinaweza kumwua mgonjwa. Kama nyumbani haiwezekani kumweka mkavu, itabidi alazwe."

Bibi alisikia. Mkono wake mzima ukaushika ukingo wa kitanda.

Mama aliinamisha kichwa. "Huenda usiku napitiwa na usingizi," alisema polepole. "Itakuwa ni mimi."

Chiriku alisimama mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu. Alimwona mama yake akijibebesha kosa lisilo lake. Aliweka beseni chini.

"Si mama," alisema. "Ni mimi. Mashuka hayakuwa yamekauka. Nilikuwa nayapiga pasi mabichi."

"Uliniambia yalikauka juani," Mama alisema.

"Nilikudanganya, mama. Bibi alinionyesha hataki, nikamwambia alale."

Muuguzi hakufoka. Aliinua shuka, akapapasa pindo, kisha akafunua mpira uliotandikwa juu ya godoro. Chini ya shuka, mpira ulikuwa na ukungu wa maji.

"Lete mkono," alimwambia Chiriku. "Ukifua kutwa, vidole vinakuwaje?"

"Vinajikunja. Vinalainika."

"Vikilainika vinachubuka upesi. Wewe ukimaliza kufua unavifuta. Bibi hawezi kuinuka akajifuta. Pasi imekausha juu tu. Unyevu umebaki kwenye mapindo, na mpira huu hauuachi upite. Amelala ndani ya maji, usiku na mchana." Alifungua mkoba wake, akatoa dawa na bandeji. "Sasa najua ninachotibu. Atabaki hapa, nami nitarudi wiki ijayo. Kidonda kikipanuka, analazwa."

Alipoondoka, Mama hakuchukua fimbo. Aliwaita watoto wote wawili, akalimwaga kapu sakafuni.

"Umedanganya, na hilo ni kosa lako," alimwambia Chiriku. "Lakini mlima huu wote tumemwachia mtoto mmoja, na hilo ni kosa letu. Haba na haba hujaza kibaba. Na kapu nalo limejaa hivyo hivyo."

Walizitenga nguo. Mashuka ya Bibi yakapewa ndoo yake yenye mfuniko, yasichanganyike na nguo nyingine. Sare zikawa za Jumatano. Mama akaanza kuloweka shuka la Bibi kila jioni. Alfajiri Chiriku alilifua, na kaka akashika ncha moja, yeye nyingine, wakalisokota hadi tone la mwisho. Kaka hakutania. Wapangaji walipoelezwa, walikubali upande wa kamba unaopata jua mapema uwe wa mgonjwa. Kanuni ilikuwa moja: anayeanua apime ukavu kwa kushika pindo, si katikati.

Kabla wiki haijaisha, mvua ilinyesha kutwa. Jioni Mama alirudi amelowa.

"Shuka la Bibi vipi?"

Chiriku alilitazama shuka lililoning'inia barazani. Pasi ilikuwa mezani. "Halijakauka, mama," alisema. "Nimelishika pindo, bado bichi. Na lile la akiba limeshatumika."

"Vema. Toa la kitandani kwangu, ni kavu. Mimi nitalalia mkeka."

Muuguzi aliporudi, aliwaacha wote wasimame kando wakati akifungua bandeji. Alichukua muda mrefu. Wekundu ulikuwa umefifia, na kingo za kidonda zilikuwa zimeanza kufunga. Bibi alisema jambo, kwa shida, nao wakalielewa: hapamwashi tena.

"Atabaki nyumbani," muuguzi alisema. Mama alishusha pumzi. Kaka alijifanya anatazama dirishani.

Muuguzi alinawa mikono, kisha akamgeukia Chiriku.

"Dawa niliyotumia ni ile ile ambayo ningeitumia hata kama usingesema. Juu ya shuka bichi isingefaa kitu. Kwa hiyo likumbuke hili, mwanangu: kazi ikikushinda, sema imekushinda. Ukisema, watu watakusaidia kuibeba. Ukificha, itamwangukia mtu mwingine, na mara nyingi ni yule asiyeweza hata kulalamika."