Bakuli la Bibi Aikaeli

Kila asubuhi kule Mwika, Hellen alichota maji huku bibi yake, Bibi Aikaeli, akikata majani ya ng'ombe. Siku hizi magoti yalimsumbua sana Bibi. Basi, kabla hata ya chai, alimeza vidonge vya maumivu alivyoletewa na mwanawe Efraimu, aliyekuja kutoka Dar es Salaam kula Krismasi nyumbani. Kimoja kikichelewa kumtuliza, aliongeza kingine.

Siku mbili baada ya sikukuu, Bibi aliinuka jikoni akayumba. Hellen alimdaka mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Mama, vipi tena?" Efraimu aliuliza.

"Kizunguzungu tu, mwanangu. Na choo changu kimekuwa cheusi, kinanata kama lami."

Efraimu akacheka. "Aa, Mama! Si kile kisusio cha juzi? Ukinywa supu yenye damu ya mbuzi, choo lazima kiwe cheusi. Pumzika, kitapita."

Bibi akamtupia Hellen jicho. Hellen alilijua jicho lile. Siku ya Krismasi, mbele ya ukoo mzima, Efraimu alimpa mama yake bakuli la kwanza la kisusio kwa heshima. Kumbe tumbo la Bibi lilikuwa linawaka moto. Bibi alimsogezea Hellen bakuli chinichini. "Kunywa wewe, mjukuu wangu. Usimwambie mtu." Na Hellen kwa supu, mh! Alimaliza yote.

Sasa Hellen alisita, maskini. Aliogopa kumwaibisha Bibi, lakini aliogopa zaidi kumpoteza.

"Baba Mdogo," alisema huku machozi yakimlengalenga, "Bibi hakunywa kisusio. Nilikinywa mimi."

Kicheko kikamkauka Efraimu. Hapo hapo akaazima gari la jirani.

Hospitalini, Daktari Magdalena alivitazama vile vidonge walivyokuja navyo akatikisa kichwa. "Shikamoo, Bibi. Pole sana. Hivi vimekuchubua tumbo kwa ndani, na damu inavuja. Ndiyo maana choo ni cheusi. Mngechelewa, tungekukosa." Akamgeukia Efraimu. "Dawa hizi si za kumeza kila siku bila kutuuliza, hasa kwa mzee. Akizihitaji, sisi humpa pamoja na dawa ya kulinda tumbo."

Efraimu aliinamisha kichwa. Bibi aliongezewa damu, akalazwa mpaka akapata nafuu.

Siku aliyorudi nyumbani, Efraimu alimletea bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi. Bibi akalikumbatia, akamtazama Hellen. "Hili sikupi ng'o!" Wote wakacheka. Kisha akamvuta mjukuu wake karibu.

"Siri inayoficha ugonjwa usiitunze, Hellen. Hata kama ni mimi ninayekuomba."