Badilisheni Upande

Dada yangu alinituma nikamwite bintiye kwenye viwanja vya ufukweni.

"Nenda, kaka, na usikae kupiga soga," alisema. "Jua likizama mtoto awe ndani."

Nikakitanguliza kitambi, nikafuata. Nimetembea sana mimi, nimelala kwenye stesheni za watu, na tenisi nimeicheza kila nilikofika, nikishindwa kila nilikofika. Safari ya mwisho nilifungwa na mzee mwenye mkongojo. Viwanja vibovu vingenitisha nini?

Zamani viwanja vile vilikuwa na mashindano. Hoteli zilijaa, bendi ilipiga, wachezaji walivaa nyeupe pee. Na kila mwaka kombe lilibebwa na mwanamke mmoja, Malkia. Wapinzani walizeeka, yeye akazidi kuwa kijana. Watu wakasema ni mazoezi.

Hadi fainali aliyocheza na binti wa dobi.

Kwenye tenisi wachezaji hubadilishana upande kila baada ya gemu kadhaa, ili jua na upepo visimwonee mmoja. Kila walipopishana kwenye wavu, binti wa dobi alitokea ng'ambo na mvi zaidi, mgongo umepinda zaidi. Mwishowe akasalimu amri, naye alikuwa anaongoza! Akafia njiani. Wazazi wake walizika ajuza. Mashindano yakafa, Malkia akatoweka.

Dada alinisimulia hayo. Nilicheka hadi vifungo vikalalamika.

Nilipokaribia, nikasikia mpira.

Po... Po... Po...

Kisha harufu. Chokaa mbichi. Mistari ilikuwa imechorwa upya juu ya saruji iliyopasuka. Mpwa wangu, Kijiti, alikuwa anacheza. Ng'ambo ya wavu alisimama mwanamke mwenye sketi nyeupe ya kizamani na miguu ya msichana.

"Kijiti! Mama anakuita!"

Hakugeuka.

"Mwache amalize," mwanamke akasema. "Wewe pipa sogea, unatuzibia upepo."

Siku nyingine ningemjibu, maana utani wa hili tumbo ninao mkali kuliko huo. Lakini nilitanguliwa. Kutoka kwenye kiti kirefu cha mwamuzi, kiti kitupu, chenye kutu, ilitoka sauti.

"Gemu. Badilisheni upande."

Wakapishana. Mabega yakagusana. Kijiti akaja upande wangu, na juu ya sikio lake, shungi la nywele lilikuwa jeupe.

Jeupe kabisa.

"Mjomba," alinong'ona, "magoti yananiuma."

"Tupa raketi. Twende."

"Akitupa, amesalimu amri," alisema Malkia, akitabasamu. "Na anayesalimu amri hafiki kwao."

Mpira ukaanza tena. Kijiti alikimbia akichechemea. Sikuwa na hirizi, na dua zote zilinitoka kichwani. Nilichobaki nacho ni kanuni za mchezo nisiouweza. Jua lilikuwa limeshazama; nikakigeukia kile kiti.

"Mwamuzi! Giza! Mpira hauonekani!"

Kiti kikalia kwa kutu... taratibu... ungedhani mtu amejinyoosha kutazama mbingu.

"Kweli," sauti ikasema. "Mchezo umeahirishwa. Kesho, pale pale ulipoishia."

Malkia alinitazama kwa chuki ambayo sijaiona nchi yoyote.

"Mjanja wewe," alisema polepole. "Tutaanza mapema."

Nilimbeba Kijiti mgongoni. Hakuwa na uzito wa mtoto wa miaka kumi na minne. Dada alipoona zile nywele, alinizaba kofi kabla sijafungua mdomo. Nilipomweleza, akanizaba la pili.

"Kesho? Umempangia mwanangu kesho?"

"Ningefanyaje, dada?"

"Ungecheza wewe! Si ndiwe bingwa wa kushindwa?"

Leo tumefunga madirisha yote na kushusha mapazia. Dada ameketi ameegemea mlango, shoka mapajani, hanisemeshi. Kijiti amelala tangu asubuhi, mkono umekunjwa, umeshika kitu tusichokiona. Ninaandika ili nisiangalie saa.

Jua bado liko juu ya paa la jirani.

Huko uani...

Po... Po...

Kijiti ameamka. Ameketi ukingoni mwa kitanda, anafunga kamba za viatu, bila haraka.

"Mjomba," anasema, kwa sauti iliyokwaruza kama ya bibi yangu mzaa mama, "mwambie mama aondoke mlangoni. Mwanga bado upo."