Fundi Hakika na Duka la Kwenye Simu

Jina lake la utani lilikuwa Hakika. Alilipata kwa sababu ya swali lake. Ukimwambia kesho kuna mvua, atakuuliza, "Una hakika?" Ukimwambia ngozi hii ni ya ng'ombe, ataigeuza, ataikunja, atainusa, kisha atakuuliza hilohilo. Sokoni, wauza mboga wakimwona kwa mbali walianza kujibu kabla hajafungua mdomo.

Kazi yake ilikuwa kushona viatu. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukutani kulikuwa na rafu tatu za kalibu, yaani miguu ya mbao ambayo fundi huivalisha ngozi ili kiatu kipate umbo. Chumba kilinuka gundi. Kila asubuhi Hakika alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akashona hadi mgongo umlalamikie. Viatu vyake vilidumu. Shida ni kwamba wateja hawakudumu.

Mwanzoni aliwalaumu wauza viatu vya plastiki. Kisha jirani yao akapata viatu vipya vya ngozi. Vililetwa mlangoni na mtu wa pikipiki. Jirani alikuwa amevinunua kwa simu, kutoka mji mwingine, kwa fundi ambaye hajawahi kumwona. Hakika aliomba kuvitazama. Mshono ulikuwa umelegea na gundi imetapakaa. Akavirudisha. Siku ile hakula vizuri.

Mkewe aliliona hilo. Watu walimwita Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti zao mapacha waliokuwa shule ya bweni. Wiki iliyofuata alirudi kutoka zahanati na karatasi ya tangazo. Chuo cha ufundi stadi kilikuwa kinaandikisha wanafunzi wa kozi ya miezi sita: uendeshaji wa biashara na kuuza bidhaa kwa njia ya mtandao. Masomo ni mara tatu kwa wiki, mchana. Umri si tatizo, mradi mtu ajue kusoma na kuandika.

Hakika aliisoma karatasi mara mbili. Akaigeuza aone nyuma kuna nini. Nyuma hakukuwa na kitu, na hilo nalo likamtia shaka.

Alikuwa na sababu. Mdogo wake aliwahi kulipa karo ya chuo cha kompyuta. Fedha alimpa mkononi bwana mmoja aliyevaa tai. Siku ya kuanza masomo alikuta kufuli mlangoni, na bwana wa tai ameingia mitini.

"Hao ni walewale," alisema Hakika.

"Hujawaona."

"Sihitaji kuwaona."

Mama Pacha hakubishana. Alimwambia kwamba ameshaamua kusoma, ila hatalipa hata senti mpaka mumewe akakikague chuo mwenyewe. Akiona dosari, karatasi itachanwa. Hakika alihisi huo ni mtego. Hata hivyo alivua aproni yake.

Alikwenda chuoni bila kumpa mtu taarifa. Alihesabu madarasa. Aligonga ukuta kwa kidole, kama anavyogonga soli. Mwalimu wa biashara, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimkuta ameinama chini ya meza. Alikuwa anatazama kama kompyuta zimeunganishwa na umeme kweli.

Mwalimu hakukasirika. Alimpa kiti. Hakika akamweleza yaliyompata mdogo wake, akamwuliza atajuaje kwamba chuo hiki si cha namna ile.

"Usinisikilize mimi," alijibu mwalimu. "Hata tapeli angekujibu vizuri."

Hakika hakulitegemea jibu hilo. Alikaa sawasawa kwenye kiti.

Mwalimu alimwonyesha cheti cha usajili, akamwandikia namba yake. Akamwambia aipeleke kwenye ofisi ya serikali inayosimamia vyuo, aulize kama namba hiyo ni ya chuo hiki na kama kozi inatambuliwa. Akamwambia karo hulipwa benki, kwenye akaunti yenye jina la chuo, na mlipaji hupewa risiti. Mtu akitaka alipwe mkononi, asipewe. Mwisho akamtajia wahitimu wawili na mahali wanapofanyia kazi, ili akawaulize mwenyewe.

Hakika alikwenda ofisini. Namba ilikuwa sahihi. Akaenda kwa wahitimu. Wa kwanza, mwuza vipuri vya baiskeli, alimwambia kwamba wiki za mwanzo zilikuwa ngumu, lakini kozi ilimfaa. Wa pili alisema vilevile, jambo lililomfanya Hakika ajiulize kama wamepanga. Alirudi nyumbani, akavaa aproni yake.

"Nenda kasome," akasema. "Lakini nakuangalia."

Na kweli alimwangalia. Mama Pacha alinunua daftari kubwa. Akawa anaandika ngozi iliyobaki, jozi zilizokamilika, nani ameagiza nini na atakuja lini. Alimwuliza mumewe mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Jozi moja inachukua saa ngapi? Ngozi kiasi gani hutupwa? Hakika alijibu kwa kukwepa, kama mtu anayehojiwa kituo cha polisi.

Kisha ukaanza ujumbe wa simu. Wakati wa chai simu ililia. Mama Pacha alisoma ujumbe, akatabasamu, akajibu harakaharaka.

"Unaandikiana na nani?"

"Wenzangu wa darasani."

"Wana majina?"

"Wana majina, na wana waume na wake zao."

Jibu hilo halikumtuliza. Siku mbili baadaye aliona jozi moja imetoweka rafuni, viatu vyeusi vya kamba alivyovimaliza juzi yake. Mama Pacha alikuwa ameshatoka. Hakika alifunga karakana akamfuata hadi chuoni, akachungulia dirishani. Mwalimu alimwona. Badala ya kumfukuza alimwita ndani, akampa kiti cha nyuma.

Darasani kulikuwa na watu kama ishirini. Picha kubwa ilitoka kwenye kompyuta na kuangukia ukutani. Mwalimu alieleza kwamba leo wanatazama kurasa za mauzo ambazo wanafunzi wametengeneza. Mwenye ukurasa hatajwi. Wengine wote ni wanunuzi.

Ukatokea ukurasa wenye picha ya kiatu. Kiatu kiling'aa kama kioo. Nyuma yake kulikuwa na maua, na juu nyota ndogondogo. Chini yaliandikwa maneno: Viatu bora kuliko vyote. Imara. Vya kisasa. Wahi sasa.

Mwalimu aliuliza nani atanunua. Mikono mingi ilinyooshwa, kwa adabu tu.

"Na wewe, baba wa nyuma?"

Hakika alisimama. "Mimi sinunui."

"Kwa nini?"

"Soli siioni. Anaficha nini huko chini? Ndani sijaonyeshwa. Ngozi gani, hajasema. Kimeshonwa au kimebandikwa kwa gundi tu, hajasema. Kikinibana, nimrudishie nani? Hana mahali, hana jina. Na mng'ao ule si wa ngozi. Ngozi haing'ai vile hata ukiisugua kutwa. Kiatu kile ni uongo."

Mama Pacha alikuwa ameinamisha kichwa. Akafungua mfuko wake polepole, akatoa jozi nyeusi ya kamba, akaiweka juu ya meza.

Hakika aliitazama jozi. Akaitazama picha. Akaitazama jozi tena. Vilikuwa viatu vyake. Alikuwa amesimama mbele ya watu ishirini na kuiita kazi ya mikono yake uongo. Masikio yalimwaka moto. Akaketi.

Mwalimu hakumcheka. Aliwaambia wanafunzi kwamba kila anayefungua ukurasa kama huu ana maswali yaleyale. Tofauti ni kwamba hayasemi. Anapita tu, na muuzaji anabaki kujiuliza kwa nini hauzi.

"Dukani mteja anagusa, ananusa, anajaribu," alisema. "Kwenye simu hana mkono wala pua. Ana macho na shaka. Ijibu shaka yake kabla hajauliza. Ukitia chumvi kwenye picha, unamwongezea shaka."

Walirudi nyumbani pamoja, kila mmoja na mawazo yake. Walipokaribia mlango Mama Pacha alikiri kwamba aliipamba picha kwa programu ya simu. Alidhani viatu vitapendeza.

"Vilipendeza," alisema Hakika. "Ndiyo shida."

Kesho yake asubuhi walipiga picha upya, mlangoni, penye mwanga wa kutosha. Hakika aliuliza maswali kama mnunuzi mbishi, mkewe akaandika majibu. Walionyesha soli. Walionyesha ndani. Walionyesha mshono kwa karibu, rula ikiwa kando yake. Waliandika kwamba ngozi ni ya ng'ombe na uzi umepakwa nta. Bei iliandikwa wazi, na nauli ya kusafirisha ikaandikwa peke yake. Mteja asimame juu ya karatasi, achore mzunguko wa mguu, atume vipimo kwa sentimita. Viatu vitakuwa tayari kwa siku saba. Vikibana, avirudishe ndani ya siku kumi na nne, vitarekebishwa bure. Kupigwa picha ya uso Hakika alikataa katakata. Alikubali ya mikono.

Mteja wa kwanza alijitokeza baada ya siku tatu. Alitaka jozi nne, haraka, bila swali hata moja. Muda si mrefu ukaingia ujumbe kwamba ameshalipa, tena fedha zimezidi kwa bahati mbaya. Aliomba arudishiwe ziada.

Hakika alikunja uso. Mtu asiyeuliza kitu hakumwingia akilini. Mama Pacha naye alifanya kama alivyofundishwa. Hakuuamini ujumbe. Alifungua akaunti yake akaangalia salio. Halikuongezeka hata senti. Alipochunguza, ujumbe ulikuwa umetoka kwenye namba ya mtu binafsi, si ya kampuni ya simu. Mara yule mtu akapiga simu, akaomba namba ya siri eti amsaidie kurekebisha. Mama Pacha alikata simu. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata ajiite nani. Akaifungia ile namba na kutoa taarifa kwa kampuni ya simu.

"Nilisema mimi," Hakika alinguruma. Alitaka ukurasa ufutwe siku hiyohiyo.

"Ulisema, nami nilikagua," alijibu mkewe. "Umepoteza nini?"

Hakika alitafuta alichopoteza, hakukiona.

Mteja wa pili alikuwa nesi wa mji wa mbali. Huyu aliuliza maswali kumi na moja. Kisha akataka kumwona fundi akiwa kazini, kwa simu ya video.

Hakika alinuna. "Ananishuku mimi?"

"Kama ulivyokishuku chuo," alisema Mama Pacha, akamgeuzia simu.

Alifuta mikono, akaikunja soli mbele ya kamera, akavuta mshono. Nesi alimweleza kwamba husimama wodini kutwa, na kidole kidogo cha mguu wa kushoto huvimba na kumuuma sana. Hakika alisahau kununa. Akauliza habari za kidole hicho, moja baada ya nyingine, hadi nesi akacheka. Alilipa, Mama Pacha akahakikisha salio, kazi ikaanza.

Viatu vilitumwa. Baada ya siku tano nesi aliandika kwamba cha kushoto kinambana. Hakika alishuku kwamba nesi amevivaa akavichoka, sasa anatafuta sababu. Lakini boksi lilipofika aliona soli safi, haijakanyaga barabara. Kosa lilikuwa lake. Alikuwa amefuata vipimo vya mguu bila kukihesabu kile kidole kinachovimba. Alikirudisha kiatu kwenye kalibu, akaitanua ngozi kwa siku mbili, akakituma tena bila kudai kitu.

Nesi aliandika chini ya ukurasa wao, kila mtu akaona: "Kiatu kilibana. Nilirudisha. Kimerekebishwa bila maneno. Leo nimesimama tangu asubuhi na sijakumbuka kidole changu."

Mwezi huo wafanyakazi wenzake tisa waliagiza viatu. Mama Pacha alifungua daftari, akaona mumewe hawezi zaidi ya jozi tatu kwa wiki. Akawaambia wa mwisho ukweli, kwamba watasubiri. Mmoja hakusubiri. Hakika alisononeka, lakini hakumwomba mkewe adanganye. Kufikia mwisho wa kozi, walikuwa wamemwajiri mshonaji mmoja aliyewahi kufanya kazi na Hakika zamani, na kigoda cha pili kikawekwa karibu na mlango.

Mama Pacha alihitimu na kupata cheti chake. Muhula mpya ulipoanza, mwalimu alileta ombi. Alitaka Hakika aje darasani kwa saa moja, akae nyuma, awe mnunuzi. Hakika alikubali, akavaa shati safi.

Siku hiyo mwanafunzi mmoja alionyesha mito ya kulalia. Picha hazikuwa na maua. Katika moja, mto ulikuwa umechanwa katikati, sufi ya ndani ikaonekana yote, rula kando yake. Uzito uliandikwa. Namna ya kuufua iliandikwa. Mahali pa kuurudisha paliandikwa.

Hakika alisimama na kufungua mdomo. Akaufunga. Akausoma ukurasa tena, polepole, kuanzia juu. Akauliza kuhusu mshono wa pembeni. Mwanafunzi akabonyeza, mshono ukatokea ukutani, mkubwa kama kamba. Hakika aliusogelea, akavaa miwani, akauchunguza uzi mmoja mmoja. Darasa zima lilimngoja.

"Nipe miwili," akasema. "Na risiti."